Hajaanguka miezi mitatu, aache dawa ya kifafa?
Dada, umeuliza kama mdogo wako aache fenobabitali kwa kuwa ni miezi mitatu hajaanguka, na mchungaji amesema amepona. Asiache. Haanguki kwa sababu anameza. Dawa hiyo ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, degedege moja ikifuata nyingine bila yeye kuzinduka, na hiyo huua. Kwa kawaida waganga wa hospitali husubiri mtu amalize miaka 2 hivi bila kuanguka, ndipo wapunguze kidogo kidogo. Maombi yaendelee, hayagombani na kidonge.

Mpeleke SOSAME, hospitali ya afya ya akili hapo hapo Bukavu, wamezoea wagonjwa kama yeye. Na kwa kuwa ni msichana wa miaka 19, wakitaja valproati, dawa nyingine ya kifafa, uliza kama kuna ya kuchagua badala yake: inadhuru mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wanaoweza kuzaa wasianzishiwe.

Akianguka tena, mlaze kwa ubavu, weka kitenge chini ya kichwa, tazama saa. Zikipita dakika 5, tafuteni gari la hospitali. Kile kijiko mnachomtia mdomoni kirudi jikoni, kinamvunja meno bure.