Kwa wanaoanza kampeni Maine: msisubiri Novemba

Mwaka huu nimewaona vijana wengi na kina mama kadhaa wa jamii yetu ya Waswahili, hapa Lewiston na kule Portland, wakijitokeza kusaidia wagombea wa Bunge la jimbo la Maine. Wapo Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na ndugu zetu Wabantu wa Somalia ambao wazee wao bado wanazungumza Kizigula. Wengi hamjawahi kufanya kazi hii. Mimi nimeifanya kwa misimu kadhaa, na yapo mambo ningependa myajue kabla hamjapewa mfuko wa vipeperushi na orodha ya milango.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: mchujo wa vyama, yaani kura ambayo kila chama huchagulia mgombea wake, ni Jumanne, tarehe 9 Juni 2026. Uchaguzi mkuu ni tarehe 3 Novemba. Watu wetu huja kwa nguvu mwezi wa Oktoba, mabango yakishajaa barabarani, wakauliza wasaidie nini. Nawashukuru, lakini kwa viti vingi wakati huo mtu ameshapatikana. Portland, kwa mfano, atakayeshinda mchujo wa Democratic kwa kawaida ndiye atakayekwenda Augusta, mji mkuu wa jimbo, kwenye Bunge. Katika wilaya nyingi za vijijini ni hivyo hivyo kwa Republican. Zipo wilaya ambazo vyama vinashindana kweli hadi Novemba, lakini hata huko aliyewekwa kwenye karatasi ya kura alichaguliwa Juni, na watu wachache.

Watu wachache kiasi gani? Baraza la Wawakilishi la Maine lina viti 151, na Seneti 35, vyote vikigombewa kila baada ya miaka 2. Kwa sensa ya 2020 jimbo lina watu takriban 1,362,000, kwa hiyo mwakilishi mmoja ana watu kama 9,000 tu, ukihesabu watoto na wasio raia. Aliyezoea Kenya, ambako kwa wastani mbunge mmoja ana watu zaidi ya laki moja na nusu, hupata shida kuamini. Ondoa wasiojiandikisha, ondoa wasiokwenda Juni, na kiti kinaweza kuamuliwa na kura mia kadhaa. Majengo machache ya ghorofa tatu katikati ya Lewiston, yakijitokeza yote, yanaweza kugeuza matokeo.

Tena viti hufunguka mara kwa mara. Mwaka 1993 wapiga kura wa Maine walipitisha ukomo wa vipindi vinne mfululizo, yaani miaka 8, kisha mbunge lazima akipishe kiti hicho. Kwa hiyo kila msimu kuna nafasi zisizo na mwenyewe, na mgeni mwenye bidii anaweza kuingia. Mwaka 2002 meya wa Lewiston aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuhamia mjini. Novemba 2022, Mana Abdi wa Lewiston na Deqa Dhalac wa South Portland wakawa Wasomali wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la jimbo. Ni miaka 20 tu kati ya barua ile na ushindi huu.

Kabla hujatoka nje, jua kinachoamuliwa Augusta na kinachoamuliwa Washington, kwa sababu mlangoni utaulizwa. Swali utakalokutana nalo sana katika nyumba zetu ni kibali cha kazi kwa waomba hifadhi. Hilo ni la serikali ya shirikisho. Usimwahidi mtu kwamba mgombea wako ataharakisha kibali, kwa sababu hana mamlaka hayo, na familia iliyosubiri miezi mingi haitasahau ahadi ya uongo. Zungumza yaliyo mikononi mwake. Mwaka 2015 ilipitishwa sheria ya jimbo iliyowaruhusu waomba hifadhi kupata msaada wa jumla wa manispaa, ule wa kodi ya nyumba na chakula, kwa muda usiozidi miezi 24. Tangu Julai 2022 watoto walio chini ya miaka 21 na wajawazito wenye kipato kidogo wanapata MaineCare, bima ya afya ya umma ya jimbo, bila kujali hali yao ya uhamiaji. Hayo yalipigiwa kura na wabunge wa jimbo, watu wa aina hiyohiyo unaowafanyia kampeni. Mama aliyejifungua hapa mwaka juzi bila kuletewa bili ataelewa upesi kuliko ukimsomea ilani.

Sasa niseme jambo ambalo naomba mlishike kuliko yote katika kazi yenyewe. Asiye raia wa Marekani asijiandikishe kupiga kura, na asipige. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi, mwomba hifadhi, wote wasiguse fomu ile. Kudai uraia usio nao, hata kwa kutia alama kwenye kisanduku kimoja kwa kutokujua Kiingereza, kunaweza kumfungia mtu njia ya uraia maisha yake yote na kumrudisha alikotoka. Kwa hiyo unapobisha hodi kwa mtu wetu ambaye jina lake halimo kwenye orodha yako, usikimbilie kumpa fomu kwa furaha. Muulize kwanza kwa heshima kama ameshaapishwa uraia. Akisitasita, mwache. Mwambie akamwone mwanasheria au shirika la uhamiaji. Hakuna kura moja yenye thamani ya familia kutenganishwa.

Asiye raia anaweza kujitolea bila malipo: kutafsiri, kupika, kusindikiza watu, kupanga vipeperushi. Fedha ni jambo jingine. Sheria ya shirikisho inaruhusu raia na mwenye kadi ya kijani kuchangia kampeni. Wengine hapana, hata dola moja.

Na hapa kwenye fedha pana mtego ambao ukarimu wetu wenyewe unautegea. Maine ina mfumo wa kugharimia kampeni kwa fedha za umma, uliopitishwa na wapiga kura mwaka 1996. Ili mgombea aupate, lazima akusanye michango ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura waliojiandikisha katika wilaya yake: watu 60 kwa kiti cha uwakilishi, 175 kwa Seneti. Mtu hutoa dola 5 zake na kutia saini fomu. Mnajua tulivyo. Mzee hana pesa mfukoni, wewe unasema, "Acha baba, nitakulipia." Usifanye hivyo. Dola 5 lazima ziwe za anayetia saini. Ukimlipia jirani umevunja sheria, na unaweza kumharibia mgombea hesabu na jina. Kama hana leo, panga siku nyingine urudi. Michango hii hufungwa Aprili, na saini za kumweka mgombea kwenye karatasi ya mchujo hufungwa katikati ya Machi: zisizopungua 25 kwa mwakilishi na 100 kwa seneta. Saini hizo lazima zithibitishwe na karani wa mji kabla hazijapelekwa kwa Katibu wa Jimbo. Kusanyeni zaidi ya kiwango, kwa sababu karani akikuta mtu anaishi ng'ambo ya mpaka wa wilaya, anamkata.

Nani anaweza kupiga kura ya mchujo? Aliyejiandikisha chini ya chama hupiga ya chama chake. Asiye na chama, tangu 2024, anaweza kuchagua karatasi ya chama kimoja tu bila kujiunga nacho. Hili ni muhimu kwetu, maana wengi wetu tulipojiandikisha tuliacha sehemu ya chama wazi kwa woga wa siasa tuliokimbia nyumbani. Watu hao wanadhani Juni haiwahusu. Waambieni inawahusu. Anayetaka kuhama kutoka chama kimoja hadi kingine amwone karani mapema, kwani uhamisho wa siku za mwisho haufai kitu kwa mchujo huo. Kijana wa miaka 17 atakayekuwa ametimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi wa Novemba anaruhusiwa kupiga mchujo. Raia ambaye hajajiandikisha anaweza kufanya hivyo siku ileile ya kura. Mwaka 2011 Bunge la jimbo liliifuta haki hiyo, na Novemba ya mwaka huohuo wananchi wakairudisha kwa kura ya maoni. Mtu akiniuliza Bunge la jimbo lina uzito gani, huwa namtajia hili.

Karatasi ya mchujo ni ya kupanga wagombea kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake huenda kwa chaguo la pili la waliompigia, hivyo hadi mshindi apatikane. Maine ilianza kuutumia utaratibu huu mchujo wa Juni 2018. Fundisheni kwa mfano wa karatasi mkononi. Wapo wanaojaza jina moja nafasi zote wakidhani wanamwongezea nguvu. Haimwongezei chochote. Na waelezeni kwamba Novemba, kwa viti vya Bunge la jimbo, mfumo huo hautumiki: mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata kama hakufika nusu. Mwaka huu kiti cha gavana kiko wazi kwa kuwa Janet Mills anamaliza vipindi vyake viwili, kwa hiyo karatasi itakuwa na majina mengi juu. Mtu akichoka na ugavana asiache kiti cha Bunge kule chini.

Kuhusu kubisha hodi kwenyewe. Watakupa programu ya simu yenye majina, umri na anwani, na watakwambia kila mlango ni dakika 3. Kwa majirani wetu Wamarekani weupe hilo linafaa, wengi hata hawatatoka nje ya kizingiti. Kwa nyumba ya mzee wa Uvira au Bujumbura, dakika 3 ni dharau. Msalimie, muulize watoto, kaa ukikaribishwa, kunywa chai. Mwambie kiongozi wa kampeni mapema kwamba milango yako itakuwa michache, na kwamba atakaowapata humo watakwenda kupiga kura kweli. Nimepigania hili kila msimu na nitaendelea, kwa sababu kampeni inayohesabu milango tu huishia kuturuka sisi.

Ukiwa ndani, usimwachie mkuu wa nyumba ajibu kwa niaba ya wote. Baba atasema, "Sisi sote tuko na wewe." Mshukuru, kisha zungumza na mama kwa jina lake, na binti kwa jina lake. Kila mmoja ana kura yake na siri yake. Vilevile, usitaje kabila wala mkoa wa mtu, na usiulize alikuwa upande gani nyumbani. Kuna watu wa pande mbili za vita moja wanaoishi ghorofa moja.

Kipeperushi usikitie kwenye sanduku la barua, sheria ya posta hairuhusu. Kiache mlangoni.

Wafanyakazi wa zamu, na jamii yetu imejaa watu wa hospitali, maghala na viwanda vya chakula, wahimizeni waombe karatasi ya kupigia kura nyumbani. Maine haidai sababu. Karatasi hutoka takriban siku 30 kabla, na lazima imfikie karani kabla ya saa 2 usiku siku ya kura. Hesabu hiyo ni ya Kiswahili. Andika saa nane kwa saa za huku unapozungumza na vijana waliozaliwa hapa, nimeona watu wakipishana kwa hili. Anayekwenda kituoni na ameshajiandikisha haombwi kitambulisho cha picha. Pendekezo la kulazimisha hivyo wapiga kura walilikataa Novemba 2025. Asiyesoma Kiingereza ana haki chini ya sheria ya shirikisho kuingia na msaidizi anayemtaka, ila asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Wewe ukiwa msaidizi, soma kilichoandikwa na uweke alama anayotaka yeye. Ukiwa umevaa fulana ya mgombea, ivue kabla hujafika. Kampeni hairuhusiwi ndani ya futi 250 za mlango wa kituo.

Usiku wa tarehe 9 Juni msivunjike moyo matokeo yakichelewa. Penye wagombea watatu au zaidi na hakuna aliyevuka nusu, kura hupelekwa Augusta kuhesabiwa upya kwa nafasi, na inaweza kuingia wiki inayofuata. Tumieni siku hizo kuandika maelezo ya milango yenu wakati bado mnakumbuka: nani aliahidi na akaenda, nani alikosa usafiri, bibi yupi anahitaji mtafsiri wa Kirundi na si wa Kiswahili, nyumba ipi ina kijana atakayetimiza 18. Mkabidhi nakala kwa mtu wa jamii aliye raia na anayebaki hapa, kwa sababu watumishi wa kampeni wataondoka Novemba, na msimu wa 2028 wengine watakuja na programu yao wakiuliza tena tunaishi wapi.