Kwa Mlioniuliza kwa Nini Sikuja Kumzika Nyanya

Assalam aleikum ndugu zangu wa Majengo, Nairobi. Siku ya khitma ya arobaini, binamu yangu aliuliza mbele ya wazee kama maisha ya Marekani yamekuwa matamu kiasi cha kumfanya mjukuu aliyelelewa na Nyanya ashindwe kuja kumzika. Shangazi alinifikishia swali hilo kwa upole. Aliyeuliza ana haki ya kujibiwa, nami nitajibu bila kuficha kitu.

Kumzika nisingeweza. Nyanya alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, saa kumi na nusu alfajiri kwa saa za Nairobi. Huku Minneapolis, ambako msimu wa baridi tuko nyuma yenu kwa saa 9, ilikuwa saa moja na nusu usiku wa Alhamisi, na zamu yangu katika nyumba ya kutunzia wazee ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mlimkosha, mkamkafini, mkamswalia baada ya swala ya Ijumaa, na kufikia saa nane na nusu mchana alikuwa kaburini Kariokor. Hakuna ndege inayotoka hapa moja kwa moja hadi Nairobi, na safari ya kupitia Ulaya hula karibu siku nzima hata kama mtu ana tiketi mkononi. Saa ile mliyokuwa mkimlaza katika mwanandani kwa ubavu wa kulia, mimi nilikuwa nikimgeuza kwa ubavu wa kulia bibi mmoja aliyepita miaka 90, kwa sababu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitandani. Nilimwekea mto mgongoni, nikamfunika mabega, kisha nikaingia stoo ya mashuka nikalia.

Ninyi mlimjua kuliko mimi, lakini vijana waliozaliwa karibuni walimkuta amekwisha kuwa mtu wa kitandani, na ningependa wajue ni nani aliyeondoka. Kitambulisho chake kiliandikwa kwamba alizaliwa 1931, mwaka uliokisiwa na karani, kwani yeye mwenyewe alihesabu umri wake kwa mambo aliyoyaona. Alizaliwa Pangani ya Nairobi, kijiji cha Waislamu ambacho serikali ya kikoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, na alikumbuka alivyotembea hadi Shauri Moyo nyuma ya mama yake akiwa amekumbatia kuku, akiogopa kwamba wakiingia nyumba mpya kuku watachinjwa. Aliolewa Majengo. Mnamo Aprili 1954, Waingereza walipouzingira mji wote katika operesheni ya Anvil, msako wao dhidi ya Mau Mau, na kuwachukua maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, alimtunzia jirani yake cherehani chini ya kitanda, naye hakukubali kiguswe hata siku ambazo nguo za watoto wake zilikuwa zimechanika. Familia ile iliporudi, walikikuta kimefunikwa leso safi.

Babu alipofariki mapema, karai ndilo lililotulea. Usiku alikanda unga kwa tui na iliki, akauacha uumuke, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa mlangoni akichoma mahamri. Karo za wanawe watano zilitoka kwenye kibaraza kile, na za kwangu pia, baada ya mama yangu kututangulia. Hela alizifunga katika pindo la leso. Nilipoanza kumtumia kwa M-Pesa, alimwambia Shangazi azitoe zote siku hiyo hiyo, ili azifunge pindoni.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nimekaa huku miaka 9. Katika miaka 7 ya kwanza sikuweza kuja: kwanza sikuwa na nauli, kisha ombi langu la ukaazi wa kudumu likawa halijajibiwa, na kwa sheria za hapa mwombaji wa aina yangu akitoka nchini bila kibali maalumu cha kurudi huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Lakini miaka 2 ya mwisho karatasi zilikuwa tayari, nami sikuja. Nilipiga hesabu ya tiketi, ya mishahara ambayo nisingelipwa, na ya mikono mingi ambayo ningeona aibu kuiacha mitupu, nikasema mwakani. Nyanya hakuwahi kuniomba chochote katika hivyo. Kila Shaaban ilipokaribia kwisha alikuwa akiniuliza kama huku mwezi umeandama, na nilipomjibu aliniambia kwamba futari atanipakulia, sahani yangu ataifunika.

Wanaotaka kuja huku hunitaka niwaeleze kuhusu baridi na malipo. Baridi huvaliwa koti, na malipo yapo kwa anayeweza kukesha. Jambo gumu ni kwamba wazee wetu huzeeka tukiwa hatupo, na fedha tunazowatumia hutufanya tuamini kwamba tupo. Mimi niliamini hivyo.

Tulipopigiana simu za video, Nyanya aliiweka simu sikioni kama alivyozoea, hata Shangazi alipomweleza mara nyingi kwamba aitazame. Hivyo kwa miaka ile yote niliongea na sikio lake la kushoto: matundu matatu, la chini limevutika kwa uzito wa kipuli alichokivaa tangu usichanani, na ncha ya mtandio ikiingia na kutoka kila alipocheka. Uso wake nilikuwa nikiuona mwishoni tu, kwa nukta chache, Shangazi alipoichukua simu kuizima.

Nimekata tiketi. Nitafika kabla ya Ramadhani, inshallah, na nitaanzia Kariokor kabla ya kuingia nyumbani. Shangazi, nakuomba lile karai lisigawiwe mpaka nije.