Wasomi wa Manzese wapo, ila hawakai Manzese

Mkuu uliyeuliza kwa nini hapa Dar es Salaam, Makongo Juu, Sinza na Mbezi Beach karibu kila nyumba ina mtu wa digrii, wakati Manzese au Mbagala unaweza kumaliza kichochoro kizima usimkute hata mmoja, na kama watu wa uswahilini hawathamini shule: hapana, sivyo. Nimezaliwa Manzese, nikasoma huko mpaka kidato cha nne, na sasa nafundisha sekondari ya kata upande wa Temeke. Mama lishe anayeamka alfajiri ili mwanawe apate hela ya tuisheni anathamini shule kuliko wengi ninaowajua.

Angalia kwanza ardhi. Mkoloni aliipanga Dar kwa rangi: Oysterbay Wazungu, Upanga Wahindi, Kariakoo na Ilala Waafrika. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ikapima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Manzese ilikuwa imeshajengwa kiholela, kwa hiyo mradi huohuo uliiboreshea barabara na maji, nyumba zikabaki zilivyobanana. Viwanja vya Sinza vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, lakini vingi viliishia kwa watumishi wenye mshahara. Sinza na Manzese ni jirani, unatoka huku kwenda kule kwa miguu, na tofauti ya leo ilianzia hapo. Makongo na Changanyikeni nako kuna sababu yake: Chuo Kikuu kilichoanza 1961 Mtaa wa Lumumba na wanafunzi 13 wa sheria kilihamia Mlimani 1964, na wafanyakazi wake wengi wakajenga jirani.

Halafu kuna kuhama. Wenzangu wa Manzese waliofika chuo, karibu wote walipopata ajira walipanga Sinza au Kimara, baadaye wakanunua viwanja Goba na Kibamba. Siwalaumu, mimi pia nilihama. Lakini ukihesabu digrii kwa mtaa, hizo zote zinaandikwa Goba, na Manzese inaonekana haijasomesha mtu.

Kinachoniuma ni anayebaki. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne 2016, kisha cha tano na cha sita 2022, na wanaofaulu huku kwetu wapo. Wanakwama kwenye makaratasi. Maombi ya mkopo wa chuo kutoka Bodi ya Mikopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa na saini ya kamishna wa viapo, na dirisha halimsubiri mtu. Nyumba yenye mtu aliyepita chuo, kaka au shangazi anakaa na mtoto jioni moja wanapitia kila kipengele. Mwanafunzi wangu anakwenda steshenari, analipa, anajaziwa na mtu asiyemjua.

Nilikuwa na binti mmoja, hesabu zake safi kabisa. Jina la kati kwenye cheti cha kuzaliwa liliandikwa tofauti na la cheti cha kidato cha nne. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba hilo linarekebishwa kwa kiapo, tena mapema. Chuo alipata, mkopo akakosa, na mwaka ule hakwenda. Hakuna takwimu ya elimu ya mtaa itakayokuonyesha jambo hilo.

Kwa hiyo wakuu mliosoma uswahilini na sasa mko Goba: matokeo ya kidato cha sita yakitoka, rudini kwenye shule zenu za zamani Jumamosi moja na laptopu. Mwombeni mkuu wa shule awaitie waliomaliza, wao na wazazi wao, waje na vyeti vyote. Anzeni na majina. Kabla ya kufungua fomu yoyote, linganisheni cheti kimoja na kingine, herufi kwa herufi.