Maswali na majibu: Geuza pakiti usome nyuma

Wiki hii karibu ujumbe wote ni wa vinywaji, maana Ramadhani inakaribia na Darajani maboksi ya juisi ya unga yameshapangwa mpaka nje ya maduka.

Ni kweli soda ya zero inaleta saratani? (Msomaji wa Kwahani, na wengine wengi)

Hili nimeshalijibu, na linarudi kila ikizuka sauti mpya kwenye WhatsApp. Jamani, tusome kabla ya kusambaza. Julai 2023 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka aspatemu, sukari bandia inayotiwa kwenye soda ya zero (kwenye pakiti huandikwa kwa namba yake, E951), kwenye kundi la "huenda inaleta saratani", kwa ushahidi mdogo. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa chakula ya WHO na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) ikaacha kiwango cha juu kisichodhuru kama kilivyokuwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 70 hakifikii mpaka anywe makopo 9 hadi 14 kwa siku moja. Unayekunywa kopo moja siku ya harusi, lala usingizi wako. Kinachoniuma ni kuwa anayeniuliza mara nyingi ana chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida mkononi, yenye gramu 50 na ushei za sukari, zaidi ya vijiko 12 vya chai, na hiyo haimtii hofu hata kidogo. WHO inataka tusizidi gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana tuishie 25.

Kwa nini zero inabakisha utamu wa ajabu ulimini? (Kijana wa Mombasa, Unguja)

Kwa sababu utamu wake hauna mwendo wa sukari. Sukari inaonekana mara moja na inaondoka mara moja, na inakipa kinywaji uzito mdomoni. Aspatemu, iliyo tamu kama mara 200 ya sukari, inachelewa kuja na inachelewa kuondoka. Sakarini, E954, ndiyo kongwe ya sukari bandia zote, imegunduliwa 1879, na inagusa ulimi hata pale panapoonja uchungu, ndiyo maana unahisi kama umelamba sarafu. Viwanda huchanganya mbili, tatu, moja ifiche aibu ya mwenzake. Na baridi huuficha utamu: iache soda iishe baridi yote kisha onja, utajua ulichokuwa unakunywa. Halafu muangalie muuza duka wako. Kreti zikishinda juani, aspatemu inavunjika na utamu unapungua. Usinunue soda iliyopikwa na jua.

Wanangu siwapi soda, nawafanyia juisi ya unga ya embe. Nafanya vyema? (Mama wa Wete)

Mama yangu, nia yako njema naiona, lakini hiyo si juisi. Juzi nilinunua pakiti moja. Mbele pana embe lililokatwa, linachuruzika. Nyuma, kwa herufi nilizozisoma kwa tochi ya simu: sukari, asidi ya sitriki, rangi, ladha, E952, E954. Embe halimo. E952 ni saiklameti, nayo ni sukari bandia. Marekani ilitangaza kuipiga marufuku 1969, nchi nyingine zinairuhusu kwa kipimo. Kipimo cha juu cha kamati ile ile ni miligramu 11 kwa kilo ya uzito kwa siku. Kwako wewe hicho ni kingi. Kwa mtoto wa kilo 12 ni miligramu 132 tu, na sisi tuna tabia ya kutia pakiti mbili kwenye jagi moja "ikolee". Tena mtoto haishii kwenye bilauri moja, na jioni ana barafu ya mfuko iliyotengenezwa kwa unga ule ule.

Pemba yote hiyo mna bungo, mna ukwaju, mna maembe yanayooza chini ya miti. Roweka ukwaju, chuja, tia sukari kidogo unayoiona kwa macho yako, na kila wiki punguza kijiko. Ulimi wa mtoto unafundishika. Aliye chini ya miaka miwili asipewe kinywaji kitamu kabisa, cha sukari wala cha sukari bandia.

Mgonjwa wa sukari anaweza kutumia asali, sukari guru au juisi ya miwa?

Zote ni sukari. Miwa ya Mahonda inapelekwa kiwandani kufanywa nini?

Nina maradhi ya sukari na natumia insulini. Nifuturu kwa soda ya zero? (Mzee wa Chake Chake)

Ukiwa mzima, ukitaka, bilauri moja haitakupandisha sukari. Lakini mzee wangu, kuna jambo hukuliuliza. Ramadhani moja ami yangu alianza kutetemeka baada ya alasiri, jasho linamtiririka, maneno hayatoki sawa. Mjukuu akakimbia dukani akarudi na soda ya zero, "kwa sababu babu ana sukari". Alikunywa yote na hali ikazidi. Mama alipoingia akachota sukari kikombeni, akatia maji, akakoroga kwa kidole, akamnywesha. Sukari ilikuwa imeshuka, na zero haina cha kuipandisha.

Kipimo cha sukari ya damu kikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), fungua saum hapo hapo, usingoje adhana, mgonjwa ameruhusiwa. Kunywa nusu bilauri ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na kabla ya mwezi kuandama, nenda kwa daktari wako mkapange dozi, au akwambie kama hufai kufunga. Waambie na wajukuu.

Nikihamia zero nitapungua?

Usitegemee. Mei 2023 WHO ilishauri sukari bandia zisitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Hamia kwenye maji.

Nimeacha sukari, nanywa zero tu, mbona meno yanakufa ganzi? (Dada wa Mkoani)

Asidi, dada. Hata kwenye zero asidi imo, na ndiyo inayokula ngozi ya jino hata sukari isipokuwepo. Usiinywe kidogo kidogo kutwa nzima. Ukishamaliza suuza kwa maji, na mswaki usubiri nusu saa, maana jino likiwa bado laini unalisugua likaisha.