Ukifika kwa bibi, usipeleke mbele

Nimekulia kwenye mabanda umiza ya Temeke, yale ya kuonyeshea filamu. Tulikuwa tunabanana kwenye mabenchi, joto kali, na stelingi siku zote alikuwa mwanaume. Mwanamke kazi yake ilikuwa kutekwa ili stelingi apate sababu ya kuingia ngome ya maadui.

Kwa hiyo tamthilia ya Queen Sono ilipotoka Netflix tarehe 28 Februari 2020, niliingoja kama mtu anayesubiri mgeni stendi. Jasusi wa Afrika Kusini, mwanamke, anachezwa na Pearl Thusi, na hadithi yenyewe inaanzia Zanzibar. Sehemu sita nilizimaliza usiku mmoja. Kila walipokaa kuzungumza nilipeleka mbele hadi ngumi zinapoanza, na kulipokucha kichwani ilibaki milio ya risasi tu.

Wiki chache baadaye mama mdogo alikuja kukaa kwetu, nikamwekea. Hakuchelewa kuniuliza: "Huyu binti, mama yake aliuawa kwa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Safiya Sono, mama yake Queen, ni mpigania uhuru anayeheshimiwa na nchi nzima, na kifo chake ndicho mwanawe anachokibeba kila anapoingia kazini. Mimi nilikuwa nimekiruka.

Tukaanza upya, rimoti akashika yeye. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Tulipofika nyumbani kwa bibi yake Queen, Mazet, ambaye anachezwa na mkongwe Abigail Kubeka, mama mdogo aliendelea kuchambua huku anatabasamu, maana yule mwanamke anayeangusha wanaume huko nje, mbele ya bibi ni mjukuu tu. Baadaye Queen akaingia kwenye mapigano. Mikono ya mama mdogo ikasimama juu ya ungo. Hakuutazama tena mchele hadi yalipokwisha. Mapigano yaleyale mimi niliyaona peke yangu na moyo haukushtuka, kwa sababu sikuwa najua anayepigwa ni mjukuu wa nani.

Basi ushauri wangu kwa tamthilia yoyote ya namna hii ni huo: zile dakika za kimya, za chakula, za ugomvi wa ndugu, ziache zipite kwa mwendo wake. Ngumi inauma kwa sababu ya dakika hizo. Mwanamke shupavu ambaye huijui hofu yake atakuchosha kufikia sehemu ya tatu, hata awe na mateke ya namna gani.

Angalia sehemu moja kwa usiku. Kama bando linakubana, pakua mapema unapopata Wi-Fi, halafu simu iweke mbali. Sauti ziache za asili, washa maandishi ya chini. Hawa wanaruka kutoka Kiingereza kwenda Kizulu, Kixhosa, hadi Kiswahili, na mtu akibadilisha lugha katikati ya mazungumzo mara nyingi anaficha jambo au anamsogelea mwenzake. Sauti ya kutafsiriwa inaufuta ujanja huo wote. Na ukiweza, kaa na mtu anayeuliza maswali. Hata akikukatiza.

Jambo moja nakuambia mapema ili lisikuvunje moyo: hadithi inaishia njiani. Msimu wa pili ulitangazwa Aprili 2020, ukafutwa Novemba mwaka huohuo, kwa sababu hadithi iliyoandikwa kuzunguka bara zima isingeweza kupigwa picha wakati wa korona. Mimi iliniuma sana, na bado inaniuma.

Usiku wa sita mama mdogo aliuliza inaendelea lini. Nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, akaniambia nirudishe kule Zanzibar, kuna sura ya mtu hakuiangalia vizuri.