Tumbawe la Malindi Husomwaje?

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mvuvi wa Malindi. Nasikia wataalamu walitoboa tumbawe kwenye hifadhi yetu ya bahari wakapata habari za joto la miaka mia mbili. Jiwe huwekaje habari? Na kulitoboa si kuliua?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Kilicho hai ni ngozi ya juu tu, milimita chache. Chini yake ni chokaa iliyoachwa mwaka baada ya mwaka. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha mita mbili lina karne mbili hivi. Chokaa ya kusi na ya kaskazi hazilingani uzito, ndiyo maana eksirei huonyesha mistari, mweusi na mweupe, kama miviringo ya shina la mti.

Mzamiaji hutoboa kwa keekee yenye mdomo wazi, kutoka kileleni kushuka wima. Mche unaotoka, yaani kipande kirefu cha chokaa, hukatwa ubao wenye unene wa milimita 7 hivi, hupigwa eksirei, kisha kwa keekee ndogo kama ya daktari wa meno hukwanguliwa unga kila milimita: vipimo kumi kwa mwaka. Maji yakipata moto, oksijeni nzito, yaani ile aina ya oksijeni yenye uzito zaidi, hupungua ndani ya chokaa.

Makosa huanzia kwenye mstari wa kukwangulia. Ukienda mshazari, unachanganya miezi. Matundu ya minyoo na kome huonekana kwa macho, yanarukwa. Kinachodanganya zaidi ni chokaa mpya inayojaza vitundu vya zamani: husomeka kana kwamba bahari ilikuwa baridi, na bila hadubini huioni. Maji ya mvua nayo hupunguza oksijeni nzito, kwa hiyo ni lazima kupima strontiamu pia, madini ya chokaa yanayofuata joto bila kuyumbishwa na mvua.

Tumbawe la Malindi lilirudi nyuma hadi 1801, na lilionyesha joto la bahari limepanda tangu hapo kwa kiasi kinachofikia nyuzi 1.3. Jingine la hapo hapo lilipimwa bariamu, madini yanayoletwa na udongo wa Mto Sabaki: kati ya 1700 na 1900 karibu haikubadilika, kisha ikapanda mfululizo. Maana yake, joto la 1998, lililoyageuza matumbawe meupe na kuua mengi, hasa ya matawi, lilikuta miamba iliyokwisha kuzoea, au kuchoshwa na, tope la karne nzima. Yapi kati ya hayo mawili, ndilo swali linalofanyiwa kazi.

Tundu huzibwa kwa simiti, wadudu watoboao wasiingie, na ngozi hai huota tena juu yake. Nanga ndiyo mbaya zaidi: ikikwangua kileleni, ngozi ikafa, chokaa husimama, na miaka hiyo haiandikwi.