Kwa nini mbu humwandama zaidi mama mjamzito

Dada, umeuliza kwa nini tangu ushike mimba mbu wanakuandama wewe na kumwacha mumeo, na kwa nini mafuta ya kufukuza mbu yaliyokuwa yakikutosha sasa hayafiki hata usiku wa manane. Hujakosea hata kidogo. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wanawake walio katika miezi ya mwisho ya ujauzito waliwavutia mbu wa malaria takriban mara mbili ya wasio wajawazito, kwani walitoa pumzi kwa wingi zaidi kwa asilimia 21, na ngozi ya tumbo lao ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 0.7. Mbu akiwa mbali huifuata hewa ya ukaa iliyomo katika pumzi, kisha akikaribia huongozwa na joto na harufu ya jasho.

Mafuta hayo hufanya kazi kwa kufuka polepole kutoka kwenye ngozi. Ngozi ikiwa na joto, mafuta huisha upesi, na jasho huyaosha. Yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, yanaruhusiwa kwa mjamzito yakitumiwa kama lebo inavyoelekeza, basi yarudie kwa muda uliotajwa, hasa kwenye vifundo vya miguu na nyayo, ambako mbu wa malaria hupendelea kumuuma mtu aliyekaa. Usiyategemee usingizini: lala ndani ya chandarua chenye dawa, na kliniki usikose dozi zako za SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria.